Barabara Hupimwa Wakati wa Mvua

Kimbunga Hidaya kilipofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, ardhi ya wilaya ya Kilwa ilikuwa imekwisha kushiba maji ya El Niño. Haikuhitaji mvua nyingi zaidi. Barabara ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara ilikatika sehemu kadhaa, Somanga na Mikereng'ende zikiwemo. Maji yaling'oa makalavati na kula matuta. Mabasi na malori yalisimama pande zote mbili kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na safari isiyoahirishika kutoka Mtwara alibaki na ndege, au azunguke Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, na safari ya kilomita 560 hivi ikawa ya zaidi ya kilomita 1,500. Aprili 2025 njia ikakatika tena, safari hii eneo la Somanga Mtama.

Hii haikuwa njia ya vumbi iliyosahauliwa na wakubwa. Ni barabara kuu, ya lami, iliyosubiriwa na watu wa kusini kwa miongo mingi. Kabla ya mwaka 2003 Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na mto ulipofurika, Lindi na Mtwara zilibaki ng'ambo. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilimaliza adha hiyo. Kilomita 60 za kati ya Ndundu na Somanga zikachukua miaka mingine mingi kabla ya kuwekwa lami. Mwishowe, kwenye ramani, kazi ilionekana imekamilika.

Serikali, wafadhili na waandishi wa habari wamezoea kuhesabu kilomita za lami. Hesabu hiyo ina maana yake, lakini haimjibu mkulima wa Kilwa swali lake kubwa: wiki ile mbaya kuliko zote, njia itapitika? Kwa mikoa ya pembezoni, kipimo cha kweli ni idadi ya siku katika mwaka ambazo lori, basi na gari la wagonjwa haviwezi kupita. Kipimo hicho kikichukuliwa kwa dhati, karibu kila uamuzi hubadilika: njia ipi ijengwe, ianzie wapi, fedha zitoke kwa nani na zitolewe mwezi gani.

Kutengwa kwa mikoa hii hakukuja kwa bahati mbaya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda bara. Mradi ulianza mwaka 1947, na ilipofika 1951 ulikuwa umekufa, ukiwa umemeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ilibaki. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mataruma yakang'olewa. Njia ile ilijengwa kwa ajili ya zao moja la mwekezaji mmoja, na zao lilipokufa hakuna aliyeona sababu ya kuibakiza kwa ajili ya wenyeji wa Masasi na Nachingwea, ambao hawakuacha kulima wala kusafiri.

Kenya ilifika mahali hapohapo kwa njia nyingine. Waraka wa Bunge Na. 10 wa mwaka 1965, ulioweka msingi wa sera ya uchumi baada ya uhuru, ulielekeza fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na miundombinu, ambako zingezaa haraka. Kaskazini yote, kuanzia Turkana hadi Mandera, iliangukia nje ya mstari huo. Siasa nazo zikaongeza lake. Utafiti wa Robin Burgess na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015 na uliopitia ujenzi wa barabara nchini Kenya tangu uhuru, uligundua kwamba wilaya zenye watu wa kabila la rais zilipata fedha za barabara mara mbili ya nyingine, na urefu wa lami mara tano. Vipindi vya demokrasia ya vyama vingi viliufuta upendeleo huo. Hilo ni jambo zito kwa yeyote anayedhani kwamba ramani ya barabara huchorwa na wahandisi peke yao.

Matokeo ya historia hii yanaonekana kwenye takwimu. Benki ya Dunia hupima sehemu ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika majira yote. Katika vipimo vilivyotolewa mwaka 2016, Tanzania ilipata asilimia 25 hivi, Uganda 53 na Kenya 56, na Bangladesh ilikuwa na 87. Kwa maneno mengine, wanakijiji watatu kati ya wanne wa Tanzania walikuwa mbali na barabara ya kutegemewa. Na wastani wa Kenya unaficha mengi, kwa kuwa vilima vya Kisii na jangwa la Chalbi vimewekwa kwenye fungu moja.

Je, barabara ikifika, umaskini huondoka? Watetezi wa barabara hujibu haraka mno. Ushahidi wenyewe una pande mbili. Stefan Dercon na wenzake walifuatilia vijiji 15 vya Ethiopia, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba kupata barabara ya majira yote kulipunguza umaskini kwa karibu pointi 7 za asilimia na kuongeza ukuaji wa matumizi ya kaya kwa asilimia 16. Ni matokeo makubwa. Lakini Sam Asher na Paul Novosad walipochunguza mpango mkubwa wa barabara za vijijini wa India, ulioanza mwaka 2000, hawakuona mabadiliko makubwa ya kipato cha mashambani wala mali za kaya miaka michache baada ya barabara kufika. Walichoona ni watu kuacha kilimo na kwenda kufanya kazi nje ya kijiji.

Tafiti hizo mbili hazipingani. Barabara hufungua njia ya kutoka na njia ya kuingia, na kinachopita humo hutegemea kilichopo kwenye ncha zake. Penye mazao yanayooza na mnunuzi anayelipa, bei hupanda. Penye mashamba yaliyochoka na mji wenye ajira karibu, vijana hupanda basi. Serikali inayojenga njia ya kwenda Tunduru au Marsabit inapaswa kujiuliza mapema ni lipi kati ya hayo mawili inalitayarisha, kwa kuwa maghala, maji, umeme na maofisa ugani havitafuata lami vyenyewe.

Kusini mwa Tanzania panafundisha jambo jingine ambalo tafiti za jumla hulipita haraka: kalenda. Ufuta wa Lindi huvunwa na kuuzwa kuanzia Juni na Julai, na mbaazi hufuata. Yote ni kiangazi, wakati hata njia ya udongo inapitika. Korosho iko tofauti. Huanza kuokotwa Septemba au Oktoba na minada huendelea hadi karibu na mwaka mpya, mvua zikiwa zimekwisha anza. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, kisha mzigo husafirishwa hadi ghala kuu. Gharama ya usafiri na ucheleweshaji humrudia yeye, iwe kwa makato au kwa malipo yanayokawia. Njia ileile ya kijijini, basi, ina thamani moja mwezi Julai na nyingine kabisa mwezi Desemba.

Kisha huja Januari, Februari na Machi. Ghala la nyumbani limeisha, mahindi yanahitajika kutoka mikoa mingine, mito imejaa. Ni miezi ambayo chakula kinatakiwa kuingia, na ndiyo miezi ambayo njia hukatika. Bei ya unga katika kijiji kilichokatwa na mto hupanda bila mtu yeyote kula njama. Na wajawazito hawana msimu.

Newala na Tandahimba zinastahili kutajwa peke yake. Uwanda wa Makonde, ambako wilaya hizo zipo, ni moja ya maeneo yanayotoa korosho nyingi zaidi Tanzania, zao ambalo kwa miaka mingi limeiletea nchi fedha nyingi za kigeni. Hata hivyo barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210 hivi, iliendelea kuwa ya vumbi wakati maeneo yenye mauzo madogo kuliko hayo yalikwisha kupata lami. Kilomita 50 za mwanzo, Mtwara hadi Mnivata, zilitangulia. 160 zilizobaki, kupitia Newala hadi Masasi, zilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na mikataba yake ikasainiwa mwaka 2023. Wanaosema mikoa ya mbali ni mzigo kwa taifa wangefanya vyema kuangalia hesabu za korosho kabla ya kusema hivyo tena.

Mfano mkubwa zaidi wa Afrika Mashariki uko kaskazini mwa Kenya. Kutoka Isiolo hadi Moyale ni kilomita 500 hivi. Kabla ya lami abiria walisafiri juu ya malori ya ng'ombe, kwa misafara yenye askari, na safari ya Nairobi hadi Moyale ilichukua siku mbili au tatu, kama mvua haikuingilia. Kazi ya lami ilianza mwaka 2007 kutokea Isiolo, ikaenda kipande kwa kipande kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, na kukamilika karibu miaka kumi baadaye. Sasa mabasi ya usiku hukesha yakitembea na kufika asubuhi. Desemba 2020 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mpakani. Mfugaji wa Marsabit anaweza kumjua mnunuzi wa Nairobi, na mfanyabiashara wa Moyale hahitaji tena kukisia bidhaa zake zitafika mwezi gani.

Ila barabara moja hufanya ufukara ulio mbali nayo uonekane zaidi. Ukiiacha lami na kuelekea North Horr, unarudi kwenye mchanga, mawe na makorongo yanayojaa ghafla. Barabara ya Laisamis hadi Sarima, kilomita 208, ilitengenezwa upya kwa sababu mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana ulihitaji kupitisha mitambo 365. Wenyeji walinufaika nayo, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini inauma kwamba mapanga ya mitambo yalipata njia kabla ya watu na mifugo yao, kama karanga zilivyopata reli Nachingwea.

Kiufundi, adui wa barabara ya mbali anajulikana, naye ni maji. Njia nyingi za vijijini hazihitaji lami ili zipitike mwaka mzima. Zinahitaji mgongo ulioinuka ili maji yateremke pembeni, mitaro inayofika mahali pa kumwagia, makalavati yenye upana wa kutosha, moramu iliyoshindiliwa kwenye mabonde ya mfinyanzi, na zege kwenye miinuko mikali. Kati ya kilomita 30 za njia, mara nyingi zinazoifunga ni sehemu chache fupi, labda bonde moja na vijito viwili. Kuzitibu sehemu hizo kwanza hugharimu sehemu ndogo sana ya gharama ya lami, ambayo nchini Tanzania huzidi shilingi bilioni 1 kwa kilomita. Lakini kalavati halina sherehe kama lami, na picha ya mtaro haivutii kwenye kampeni.

Mkoa wa Kigoma umeonyesha kinachowezekana. Huko Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, kwa msaada wa Ubelgiji, ulijenga madaraja mengi ya mawe yenye tao. Mawe hutoka kwenye vilima vya hapohapo, mafundi hufunzwa kutoka vijiji vya jirani, saruji hutumika kidogo na nondo hazihitajiki. Gharama hushuka sana ikilinganishwa na zege, na tao la mawe likijengwa vizuri hudumu vizazi. Fedha ya ujira nayo hubaki kijijini. Teknolojia hiyo ni ya kale sana, na inafaa mahali popote penye mawe na vijito, kutoka milima ya Livingstone hadi Usambara.

Upande wa pili ni uzito. Majaribio yaliyofanyika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ukiuzidisha uzito mara mbili, uharibifu huzidi mara kumi na sita. Ndiyo maana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kwa sheria ya mwaka 2016 kwamba gari zima lisizidi tani 56, na mizani ikawekwa kwenye barabara kuu. Kwenye njia za wilaya hakuna mizani. Lori la magogo au mchanga lililopakia kupita kiasi linaweza kuharibu kwa mchana mmoja wa mvua kazi ambayo halmashauri iliisubiri miaka mitatu.

Fedha za matengenezo ndizo kiini cha mambo. Tanzania ina zaidi ya kilomita 36,000 za barabara kuu na za mikoa chini ya wakala wa kitaifa wa barabara, TANROADS, na zaidi ya kilomita 144,000 za wilaya chini ya TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017. Za wilaya, sehemu kubwa ni udongo mtupu. Kwa miaka mingi tozo ya mafuta iliyoingia kwenye Mfuko wa Barabara iligawanywa asilimia 70 kwa barabara za TANROADS na 30 kwa serikali za mitaa. Kuna hoja nyuma ya mgawo huo, kwani magari mengi na mazito hupita barabara kuu. Lakini mgawo unaofuata wingi wa magari huwanyima wale ambao hawana magari kwa sababu hawana njia. Mwaka 2021 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya TARURA. Ilikuwa hatua ya haki, na matokeo yake yalionekana kwenye bajeti za wilaya.

Bado kuna shimo kubwa. Wafadhili hupenda kujenga kuliko kutunza, na wabunge vilevile. India ilijaribu kulikwepa hili kwa kanuni rahisi: kila kijiji chenye watu 500 au zaidi, au 250 kwenye milima na majangwa, kipate barabara moja ya majira yote, na mkandarasi aliyeijenga aitunze kwa miaka mitano. Kanuni kama hiyo haimwachii mtu nafasi kubwa ya kupendelea. Mwanakijiji anaweza kuhesabu watu wa kijiji chake na kudai. Afrika Mashariki haijawa na ahadi ya namna hiyo, iliyoandikwa na inayopimika, na huo ni upungufu mkubwa kuliko ukosefu wa magreda.

Barabara pia si usafiri. Njia ikiisha kutengenezwa, bado kuna kijiji kisicho na gari hata moja. Hapo ndipo bodaboda ilipobadilisha maisha ya vijijini kwa kasi ambayo hakuna mpango wa serikali ulioitabiri. Pikipiki hupita kwenye kijia ambacho Fuso haliwezi, hubeba magunia ya mbaazi, mwalimu, mgonjwa na mwili wa marehemu. Nauli yake ni kubwa kwa kilomita, na hatari yake inajulikana kwenye kila wodi ya mifupa. Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Shinyanga na Sengerema kabla ya kusambazwa nchini kuanzia mwaka 2022, uliikubali hali hiyo ya uhaba wa magari badala ya kuisubiri ibadilike. Mjamzito au mtoto mchanga akiwa katika hatari, simu hupigwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu, hutumwa dereva wa kawaida wa eneo hilo, aliyesajiliwa na kulipwa na mpango. Gari lilikuwepo mahali fulani katika eneo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kuliita na fungu la kulilipia.

Haifai kudai kwamba kila barabara inayoombwa ijengwe. Mwaka 2010 Tanzania ilitangaza nia ya kupitisha barabara kaskazini mwa Serengeti kwenye njia ya nyumbu. Shauri lilifunguliwa, na Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ikaamua kwamba kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi hiyo kungekuwa kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini watu wa Loliondo hawakuacha kuugua na kuuza mifugo kwa sababu nyumbu wanahama. Njia inayowafikia kutokea upande wa Mto wa Mbu, bila kuivuka hifadhi, ndiyo iliyostahili kupewa uzito tangu mwanzo, na kipande cha kilomita 49 cha Waso hadi Sale kimekwisha kuwekwa lami. Walioichangia fedha nyingi kampeni ya kuizuia barabara ya Serengeti wangeweza kuichangia hii kwa moyo uleule.

Lipo jambo moja ambalo halihitaji mkopo wala sheria mpya. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Fedha zikichelewa kidogo na zabuni ikitangazwa Agosti, mkataba husainiwa Oktoba au Novemba, na mkandarasi huleta greda Lindi, Mtwara au Ruvuma mvua zikianza. Moramu humwagwa kwenye tope, haishindiliki, na Aprili mkaguzi huikuta imesombwa. Wahandisi wa wilaya wanalijua hili na wamelisema kwenye vikao mwaka hata mwaka. Kwa mikoa yenye mvua za msimu mmoja, usanifu wa sehemu korofi ungekamilika Machi, wakati maji yenyewe yanaonyesha yanapopita; zabuni zingetangazwa Aprili na Mei; na magreda yangeanza kazi wiki ya kwanza ya Julai, miezi minne kabla ya wingu la kwanza na wiki chache kabla ya AMCOS kuanza kugawa magunia ya korosho.